Sherehe ya Karatasi kwa Mfuko Mwembamba

Ukitaka kujua thamani ya mapambo, usiyatazame wageni wanapoingia. Yatazame wakishaondoka. Maputo yamenywea, maua ya plastiki yamelala kifudifudi chini ya meza, na mwenye vitambaa vya kukodi yuko mlangoni anahesabu mali yake. Mwenye sherehe amekaa kiti cha nyuma kabisa akipiga hesabu. Mapambo yamekaa saa tano. Deni litakaa miezi mitano.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya huyo wa kiti cha nyuma. Ni kwa ajili pia ya mama anayemwandalia mwanawe siku ya kuzaliwa, mwalimu wa darasa anayetaka mahafali yapendeze, na kijana anayetaka kumpelekea shangazi yake zawadi ilhali mfukoni mna nauli tu. Nawaambia wote jambo moja: shikeni karatasi. Karatasi haiombi pesa. Inaomba muda na mikono, na hivyo viwili mnavyo.

Wala usiniambie hujui kazi hii. Utotoni ulikunja ndege za karatasi, ukaziachia ndani ya darasa mwalimu akiwa ameelekea ubaoni. Mvua ikinyesha uliunda mashua ukaishusha mtaroni. Ulichomoa chelewa kwenye ufagio wa mama, ukaunda tiara, ukapata fimbo kwa sababu ya ufagio na sifa kwa sababu ya tiara. Mikono haijasahau. Umeipa tu kazi ya kuhesabia noti za watu wengine.

Hatua ya kwanza: vamia kabati

Kila nyumba ina kalenda ya mwaka jana ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuitupa. Mwezi Machi bado iko ukutani, picha yake ya mlima ikikutazama. Usiionee huruma. Karatasi yake ni nzito, inang'aa, na mara nyingi nyuma ni nyeupe tupu. Wengi wetu tulijalidia madaftari ya shule ya msingi kwa kurasa hizo, na madaftari yakafika mwisho wa mwaka yakiwa na heshima yake.

Ongeza magazeti yaliyokwisha kusomwa, bahasha kubwa za kaki na kurasa tupu za madaftari ya mwaka uliopita. Kaki usiione ya kishamba: ni karatasi imara kwa kukunjwa na kubeba uzito, na kwa Tanzania inatengenezwa nyumbani, katika kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, kutokana na misonobari ya huko. Cha kununua ni manila chache za rangi kutoka duka la vifaa vya shule. Kisha tafuta rula, penseli na mkasi mkali. Mkasi unaokatia mapezi ya samaki uache jikoni ulipo.

Kuna karatasi usizoruhusiwa kuzigusa hata kama sherehe ni kesho: cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, vitabu vya dini, na daftari ambalo mtoto bado analiandikia. Mtoto atakwambia limekwisha. Lifungue uhakikishe.

Hatua ya pili: pika gundi

Gundi ya dukani ni nzuri kwa kazi ndogo, lakini ya sherehe nzima itakumaliza. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji ya baridi mpaka madonge yaishe. Mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku unakoroga, kisha rudisha jikoni kwa moto mdogo mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Tia chumvi kidogo ili isichache upesi. Ikipoa, ipake kwa brashi au kwa kidole.

Tumia gundi hiyo ndani ya siku mbili tatu. Usiku ifunike vizuri, maana mende nao ni wageni na hawahitaji kadi ya mwaliko. Na uipake nyembamba: karatasi iliyoloweshwa hujikunja kama uso wa mtu aliyenyimwa nyama.

Hatua ya tatu: mnyororo wa ukutani

Hili ndilo pambo la kuanzia, kwa sababu hata mtoto wa chekechea analiweza. Chukua karatasi ya A4, ambayo ina sentimita 21 kwa 29.7. Kata vipande vya upana wa sentimita 3 sambamba na upande mfupi. Utapata vipande 9 vyenye urefu wa sentimita 21. Kipande cha kwanza kifanye pete, gundisha ncha zipandane kwa sentimita moja. Cha pili kipitishe ndani ya pete ya kwanza, gundisha. Endelea hivyo.

Kila pete inaongeza karibu sentimita 6. Kwa hiyo karatasi 20 zinakupa pete 180, na pete 180 ni mnyororo wa zaidi ya mita 10, unaotosha kuvuka sebule ya kawaida mara mbili. Changanya pete moja ya manila nyekundu na mbili za gazeti, uone jinsi herufi nyeusi zinavyoipa rangi nguvu. Karatasi 20 ni sehemu ndogo sana ya rimu moja yenye karatasi 500. Hapo ndipo pa kuwauliza wanakamati wa mapambo ile milioni ilikuwa ya nini.

Hatua ya nne: upepeo wa duara

Pambo hili linakaa nyuma ya meza kuu, na ndilo litakalowafanya wageni waulize umelinunua wapi. Chukua A4, anzia upande mfupi, uikunje mikunjo ya sentimita 2, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka iwe na mawimbi kama bati la paa. Funga uzi katikati. Kunja ncha mbili zikutane, gundisha kingo zinazogusana, na upepeo utafunguka. Tengeneza wa pili, uunganishe na wa kwanza: una duara la sentimita 21. Katikati bandika kiduara cha manila ili kufunika uzi.

Tengeneza saba au tisa kwa ukubwa tofauti, kwa kutumia pia nusu ya A4, na uzibandike karibu karibu. Usizisambaze ukuta mzima. Pambo moja kubwa lenye mahali pake linapendeza kuliko ishirini yaliyotawanyika kama kuku waliofukuzwa shambani.

Hatua ya tano: mfuko na bahasha

Katika zawadi tuna ugonjwa wa kununua boksi linaloshinda kilichomo. Bibi anafungua tabaka tatu za nailoni inayopiga kelele, anakuta kikombe kimoja. Tuache.

Zaidi ya hapo, plastiki imekwisha kuhukumiwa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Mfuko wa karatasi unakubaliwa na sheria, na ukiutengeneza kwa mkono wako unakubaliwa na roho pia.

Laza ukurasa mkubwa wa kalenda, picha ikitazama chini. Leta upande wa kushoto na wa kulia vikutane katikati, vipandane kwa sentimita 2, gundisha. Pandisha ukingo wa chini kwa sentimita 8, ufungue mkunjo huo, na ubonyeze pembe zake mbili ziwe pembetatu. Sasa kunja kingo mbili za kitako zipandane katikati, gundisha, na ndani uweke kipande cha boksi ili kitako kisilegee. Toboa matundu mawili juu, mbele na nyuma, upitishe kamba ya mkonge. Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai kati ya ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba makubwa yakatokana na hiyo. Kamba yake haitelezi, haing'ai bure, na inafaa kwa fundo lolote.

Kwa zawadi ya pesa, tengeneza bahasha. Kunja pembe ya juu ya A4 mpaka iguse ukingo wa pili, kata kinachobaki, na una mraba wa sentimita 21. Leta pembe tatu katikati, gundisha. Pembe ya nne ndiyo mfuniko. Noti ikikunjwa mara moja inakaa humo bila kubanwa. Kile kipande kilichokatwa usikitupe: kigawe mara tatu, ni pete za mnyororo.

Na kwa wageni watoto, muige muuza karanga. Sokota robo ya karatasi iwe pia yenye ncha kali, gundisha, jaza karanga, bisi au visheti. Mtoto anayeondoka na kipia mkononi haulizi keki ilikuwa na ghorofa ngapi.

Hatua ya sita: shanga

Sasa tumefika kwenye zawadi yenyewe. Mashariki mwa Kampala kuna mtaa uitwao Acholi Quarter, ambako walikaa watu wengi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Wanawake wa huko waliponda kokoto machimboni ili wapate mlo, kisha wengi wakashika kazi nyingine: kusokota shanga kwa karatasi zilizotupwa. Shanga za karatasi za Uganda zimevuka bahari na kuvaliwa Ulaya na Marekani. Kumbuka hilo kabla hujasema kuwa karatasi ni takataka.

Chukua ukurasa wa kalenda wenye ukubwa wa A4. Upige mistari upate pembetatu nyembamba zenye kitako cha sentimita 2 na urefu wa ukurasa mzima. Zikipangwa moja juu moja chini, zinatoka karibu 20. Anza na kitako, zungushia kwenye njiti ya chelewa, kaza, na ukifika ncha paka gundi. Chomoa njiti. Shanga itakuwa imenenepa katikati na kunywea kingoni, na rangi za ile picha ya mlima zitakuwa zimegeuka miviringo ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudia. Ipake vanishi mara mbili, iache ikauke kabisa kila mara. Shanga 9 au 10 zinatosha bangili moja, kwa hiyo ukurasa mmoja unakupa bangili mbili: moja ya shangazi, moja ya bintiye.

Kazi hii haitaki haraka. Shanga iliyosokotwa kwa pupa hulegea, nawe utaifahamu siku inapofunguka shingoni mwa mtu kanisani au kwenye maulidi.

Hatua ya saba: kadi inayozungumza

Kadi za dukani zina maneno yaliyoandikwa na mtu asiyemjua mama yako. Kunja manila mara mbili, bandika ua dogo la upepeo mbele, kisha ndani uandike kwa mkono jambo moja ambalo wewe na mpokeaji mnalijua: siku alipokuuguza, safari ya basi mliyokwama wote, chakula chake unachokikumbuka. Mistari mitatu inatosha. Usiandike "nakutakia mafanikio mema" halafu ukanyamaza. Hata benki humwandikia hivyo. Katika zawadi zote nilizozitaja, hii ndiyo itakayowekwa ndani ya sanduku la kanga na kusomwa tena baada ya miaka.

Makatazo

Usiweke karatasi karibu na mshumaa, jiko au balbu inayopata moto. Mnyororo wa mita 10 ni njia ya mita 10 kwa moto. Usipambe uwanjani msimu wa masika bila turubai. Usinyunyize vimetameta vya plastiki juu ya kazi safi ya karatasi, kwa maana haviozi wala havifagiki. Na sherehe ikiisha, kunjua, tunza kinachofaa, na kilichochakaa kirarue ukichanganye kwenye shimo la mbolea, isipokuwa kilichopakwa vanishi au chenye kung'aa.

Katazo la mwisho ndilo kubwa: usifanye kazi hii peke yako usiku. Waite watoto, jirani, wifi na bibi. Mpe kila mtu kazi yake: mmoja akate, mwingine apake gundi, wa tatu asimulie. Utaona hata wasiozungumza tangu msiba uliopita wanaombana mkasi. Sherehe huanza hapo, kwenye mkeka wenye vipande vya karatasi, siku kadhaa kabla ya mgeni wa kwanza kubisha hodi. Pesa inaweza kukununulia ukumbi uliopambwa, lakini mkeka huo haukodishwi popote.

Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo, kabla hujaitisha kikao cha michango, teremsha kalenda ya mwaka jana ukutani, tandika mkeka, waite wa nyumbani, na muanze kukata.