Barua ya Wazi kwa Wanaotuchagulia

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mipangilio Chaguomsingi ya MySQL, Uswidi mlikoanzia 1995, au Marekani kwa Oracle mlikofikia 2010.

Assalam aleikum. Wabaadu, tunashukuru. Kwa zaidi ya miaka 20, kila kijana wa Kibokoni aliyesakinisha programu yenu ya hifadhidata na kubonyeza "endelea, endelea" alipewa upangaji wa Kiswidi bila kuuomba, ule mliokuja kuuita latin1_swedish_ci. Orodha ya madrasa, ya duka la leso Biashara Street, ya chama cha maziko, zote Kiswidi. Humo Ü na Y huhesabiwa herufi moja. Sisi Ü hatuna, lakini ilitufariji kujua kwamba Yusuf wetu ataonekana hata akitafutwa na mtu anayemwandika Üsuf.

Ila kijana huyo akiandika jina la marehemu kwa herufi za Kiarabu, kwa miaka mingi jedwali lilihifadhi ????. Onyo lilihesabiwa, maneno yake hukuyaona mpaka uyaombe, na mgeni angejuaje kuwa yanaombwa? Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa papa hapa Mombasa, Kiswahili kwa herufi hizohizo. Miaka 65 baadaye ikaja mashine isiyoziona. Mtu kafa, mwanawe anaandika jina lake, nanyi mwamwita alama ya kuuliza! Msituambie ni hitilafu. Ni dharau, na aliyeipanga hakutukumbuka hata kwa kututukana.

Niwieni radhi. Turudi kwenye adabu.

Kwanza maombi madogo. Neno la siri la muda la root, yule mtumiaji mkuu, ambalo toleo la 5.7 lililitupa ndani ya faili la makosa, tupewe mkononi. Ile utf8 yenu ya baiti tatu, itubu.

Ombi kubwa ni moja. Toleo lijalo lije na mji_wa_kale_ci, dunia nzima, Stockholm ikiwemo. Majina yapangwe kwa Thenashara Taifa, koo zetu za Mombasa: kwanza Miji Mitatu, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ndipo Tisa Taifa. Herufi isiguswe mpaka ukoo ujulikane. Bwana Johansson, ambaye babu yake hatumjui, asifukuzwe, hasha. Akae barazani Ndia Kuu, amiminiwe kahawa chungu, aulizwe yeye wa nani na mamake mtaa gani. Wazee wakishindana nani atangulie (na watashindana), ombi lake la SELECT lingoje baada ya Alasiri. Ijumaa seva isijibu mtu mpaka swala iishe. Å, Ä na Ö, kwa kuwa hatuna kazi nazo, zihifadhiwe ????. Akilalamika aambiwe kwa upole kwamba mpangilio hubadilishwa, asome mwongozo. Mwongozo uwe Kimvita, tena utenzi. Miaka 23 yatosha, kama 1995 hadi 2018.

Mtasema toleo la 8.0 la mwaka huo 2018 lilifanya utf8mb4, inayoziona herufi zetu, kuwa chaguomsingi. Kweli, ahsanteni. Lakini majedwali ya zamani yalibaki Uswidi, na anayerithi mfumo leo ndiye anayeyahamisha, moja moja. Zile ???? zilizokwisha kuhifadhiwa, hakuna amri ya kuzirudisha kuwa watu.

Jibu lenu mwaweza kuliandika Kiswidi.

Wasalaam,
Mkazi wa Kibokoni