Ukoo wa Kuazima

Katika karne ya 16, wasomi wa Uingereza walikuwa na aibu moja kubwa: lugha yao wenyewe. Kilatini kilikuwa na adabu, Kigiriki kilikuwa na nasaba, Kiingereza kikaonekana cha sokoni. Wakaamua kukitafutia ukoo wa heshima.

Neno lao la deni lilikuwa limetoka Ufaransa, likiandikwa "dette", na watu wakikopa na kukwepa kulipa kwa tahajia hiyo bila tabu yoyote. Wasomi wakakumbuka kuwa Mrumi alisema "debitum", wakachomeka b katikati, likawa "debt". Hata leo herufi hiyo haitamkwi. Imekaa tu pale, kama mgeni rasmi asiyepewa nafasi ya kuhutubia, na mtoto anayeisahau kwenye imla hukatwa maksi.

Lakini kichekesho chenyewe ni "island". Hilo ni neno la Kiingereza cha kale, halikuwahi kupita Roma hata kwa bahati mbaya. Likadhaniwa ni ndugu wa "isle", lenye asili ya Kilatini, likabandikwa s. Cheti cha kuzaliwa cha kughushi, na hakuna aliyeshtakiwa.

Shakespeare alijichekea: katika tamthilia yake Love's Labour's Lost, mwalimu Holofernes anakereka kwa sababu watu hawaitamki ile b ya "debt".

Mwaka 1604 Robert Cawdrey, naye mwalimu, akatoa kamusi ya maneno magumu ya kuazima yapatayo 2,500, kwa faida, alisema, ya mabibi na wengine wasio na ujuzi. Mabwana waliojua Kilatini hawakuihitaji. Maneno hayo walikuwa wameyaleta wao.