Meneja Yuko Likizo ya Uzazi

Mtanzania akisikia jambo linakuja, hata kabla hajajua kama ni la heri au la shari, anaunda kamati. Harusi ina kamati, kipaimara kina kamati, msiba una kamati, na mwaka huu nyumbani kwetu Ilboru, huku miguuni mwa Mlima Meru, mimba ya mbwa nayo ikapata kamati. Mwenyekiti alikuwa mama mkwe. Katibu alikuwa binti yangu wa darasa la sita, kwa kuwa ana daftari jipya na kalamu za rangi. Mweka hazina, jirani mwenye duka, alipita bila kupingwa kwa hoja kwamba ndiye pekee mwenye droo inayofungwa. Mimi nilipewa ujumbe wa kawaida, maana yake mtoa hela. Mwenye mimba hakualikwa.

Jina lake Meneja. Watoto walimwita hivyo kwa sababu kutwa analala getini akiangalia wengine wakifanya kazi, na jioni anapita jikoni kukagua sufuria. Jina halikuwa na ubaya wowote mpaka siku niliyompigia simu mama watoto nikiwa ndani ya daladala la Sakina. Nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye mtandao unamsumbua: “Kama kweli Meneja ana mimba, basi aliyempa ni yule wa Njiro, na lazima alete huduma!” Gari zima likanyamaza. Konda akasahau kudai nauli. Mama mmoja wa makamo akanigusa bega: “Baba, mambo ya ofisini yamalizieni ofisini.”

Huyo wa Njiro ni dume la Kijerumani, refu, masikio wima, lina vyeti kuliko mimi. Mwenye dume hakutaka pesa. Alitaka achague mtoto mmoja kabla ya watu wengine, ndiyo desturi. Meneja alipelekwa kwa gari na kurudishwa kwa gari. Jioni moja katikati ya siku hizo za joto lake, geti letu lilikutwa wazi na Meneja hayupo, akarudi baada ya swala ya isha ametulia mno. Nani aliliacha geti wazi ni ajenda ambayo imejadiliwa mara nyingi bila mwafaka.

Tukamwita bwana mifugo. Maisha ya bwana mifugo wetu ni ng'ombe wa maziwa: anapanda na kushuka vilima vya Meru akiwa na mtungi wa mbegu, na akianza kusifu madume ya Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, chai inapoa. Alimpapasa Meneja tumbo kwa ncha za vidole, macho ameyafumba, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mfuko wa koti. “Wapo,” akasema. Akatueleza kwamba ng'ombe anabeba miezi 9, lakini mbwa ni siku 63 hivi, zikipungua au kuzidi chache, kwa hiyo hakuna muda wa kupoteza. Kamati hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyoisikia.

Oda zilianza siku hiyo hiyo. Katibu akachora jedwali: jina, simu, rangi, jinsia. Safu ya jinsia angeweza kuandika mara moja juu kabisa akapumzika, maana kila mtu alitaka dume. Jike, watu wanasema, anapata joto mara mbili kwa mwaka, na akipata, madume yote kuanzia Sanawari hadi Ngaramtoni yanahamia getini kwako. Walioagiza walikuwa 9, wote wanataka dume, wote Kijerumani, na wawili wakaongeza kwenye maelezo: “awe mkali lakini asibweke usiku.”

Sehemu ya kuzalia ndiyo iliyotuletea msiba. Bwana mifugo alitaka kasha: pana kiasi cha mama kujinyoosha, upande wa mbele mfupi ili atoke bila kuruka, na ndani, shubiri moja kutoka chini, upite ubao kuzunguka kuta zote ili mama akiegemea, kitoto kilichoko nyuma yake kipate upenyo badala ya kubanwa ukutani. Nikampelekea vipimo fundi seremala mmoja ambaye riziki yake kubwa ni majeneza. Akaniuliza urefu, akaandika. Akaniuliza upana, akaandika. Hakuuliza la nani. Katika kazi yake swali hilo halina adabu.

Likatoka kasha la mbao za paini, limepigwa vanishi linang'aa, lina vishikio vinne pembeni. Nikauliza vishikio ni vya nini. Akanijibu kwa ule upole wa mtu aliyezoea wateja wenye majonzi: “Mzee, hivyo ni ofa.”

Tukalipakia kwenye guta. Tulipoanza kupandisha Ilboru, wazee waliokuwa kijiweni kwenye kahawa wakasimama, wakavua kofia. Gari lililokuwa nyuma yetu likawasha taa zote, likatufuata polepole. Dereva wa guta, chalii wa Unga Limited aliyekuwa akikimbia tangu mjini, naye akaingiwa na uzito wa shughuli, akashusha gia. Tulipofika nyumbani tulikuwa msafara, na kina mama watatu walikwisha kutangulia, khanga viunoni, kila mmoja na kilo ya sukari.

“Poleni sana jamani. Nani tena?”

“Ni la Meneja,” akajibu mama watoto.

“Mungu wangu! Alikuwa anaumwa?”

“Hapana. Anataka kujifungua.”

Mkubwa wao, ambaye wote tunamwita Yeyo, alilitazama kasha, akamtazama Meneja aliyekuwa anajikuna sikio, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mbwa. Kisha akaweka sukari mezani. “Basi itafaa kwenye uji wa mzazi.” Hivyo ndivyo kamati ilivyopata wajumbe watatu wapya.

Baada ya hapo likaja suala la lishe. Mama mkwe ni mzaliwa wa Akheri, na kwake hakuna mzazi asiyekunywa mtori. Ndizi mshare zilinunuliwa kwenye gulio la Tengeru, nyama ya mfupa ikachemshwa, ndipo bwana mifugo akapiga simu kusema mbwa hali vitunguu, vinaharibu damu yake. Mjadala ulikuwa mkali. Mtori usio na kitunguu, mwenyekiti alisema, ni ndizi zilizokosewa. Ukapikwa wa aina mbili: sufuria ndogo ya Meneja, isiyo na kitunguu wala chumvi, na sufuria kubwa ya kamati. Yeyo naye alileta kopo la unga wa chokaa ya mifugo ili maziwa yawe mengi. Bwana mifugo akalirudisha mwenyewe kwa mkono wake: mbwa akizidishiwa chokaa wakati wa mimba, mwili unasahau kuitoa mifupani, na akianza kunyonyesha anaweza kushikwa na mtetemeko hata akafa. Yeyo hakufurahi, lakini kopo aliondoka nalo.

Joto la mwili lilipaswa kupimwa asubuhi na jioni katika wiki ya mwisho. Kawaida ya mbwa ni nyuzi 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.2, uchungu hauko mbali, mara nyingi ni ndani ya saa 24. Kipimajoto kilipatikana haraka. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka pale kinapowekwa. Mzee wetu wa getini, Mwarusha aliyekulia kwenye boma la ng'ombe, alisikiliza maelezo yote kwa heshima, kisha akasema mkataba wake unataja geti tu. Ikaniangukia mimi. Meneja alikipokea kwa utulivu wa kiongozi anayekaguliwa na wakaguzi wa serikali, ila tangu siku hiyo nikipita anakaa.

Joto likashuka jioni moja ya Julai, kwenye ile baridi inayotelemka kutoka mlimani na ukungu wake, usiku unafika nyuzi 12 hivi. Umeme nao ukakatika, na taa ya kulelea vifaranga tuliyoazima ikabaki pambo. Mwenyekiti akaagiza jiko la mkaa liingizwe stoo. Bwana mifugo, kwa simu, akapiga kelele: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua kimya kimya, tena unaua na kamati. Tukachemsha maji, tukajaza chupa za plastiki, tukazivisha soksi zangu, maana kitoto cha mbwa katika siku za kwanza hakiwezi kujitengenezea joto lake.

Kufika usiku, stoo ilikuwa na watu wanane, tochi tano na mjadala mmoja. Meneja alihema, akalitazama kasha, akaitazama kamati, akatoka nje akaanza kuchimba chini ya migomba. Wajumbe wakamfuata na tochi. Akarudi ndani, wakarudi. Ndipo mzee wa getini akasema neno lake la pili tangu kamati iundwe: “Hata ng'ombe akizaa, wenye boma wanageuza uso. Tokeni.” Mbwa ana mimba moja, uchungu ulikuwa wa mtaa mzima. Tukatoka wote. Akabaki mzee peke yake na tochi aliyoifunika kwa shuka, na Meneja akaingia ndani ya kasha bila kuombwa.

Shemeji yangu alichungulia dirishani, akapiga yowe: “Anamla!” Mzee, bila kugeuka, akatuambia taratibu kinachoendelea: anapasua ngozi laini aliyozaliwa nayo mtoto, sasa anakata kitovu kwa meno ya pembeni, sasa anamlamba puani apate pumzi. Kondo la nyuma akalimeza, na hiyo ni kawaida. Kisha tukasikia mlio mwembamba, na Yeyo akapiga kigelegele kilichoamsha mbwa wote wa Ilboru.

Kulipokucha walikuwa 7, wamejipanga kwenye chuchu, vidole vya miguu vyekundu, mikia haijazidi kidole gumba. Katibu akafungua daftari. Madume: 2. Majike: 5. Na watatu tu ndio waliokuwa na sura ya Njiro. Wanne walikuwa weupe, kila mmoja na doa la kahawia kwenye jicho la kushoto, doa ambalo Ilboru yote inalijua kwa sababu mwenye nalo hulala mbele ya bucha.

Bwana mifugo akaeleza kwamba jike anatoa mayai mengi, mayai yanaishi siku kadhaa, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Kisayansi ni jambo la kawaida. Kimtaa ni kesi. Shemeji, mtu wa chama cha wafanyakazi, akaitaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na matunzo, kisha akahamia Sheria ya Ajira ya 2004: mama akijifungua zaidi ya mtoto mmoja anastahili likizo ya siku 100 badala ya 84, na geti litafutiwe mlinzi wa muda. Mwenye bucha akaitwa. Aliinama juu ya kasha, akamgeuza mmoja, akamgeuza wa pili, akashusha pumzi. “Wa kwetu hawa,” akasema. Tangu siku hiyo mapupu yanaletwa kila Jumamosi.

Oda 9 ziliyeyuka kwa visingizio vya aina 9. Kamati ikapitisha kwamba aliyekunywa mtori alee: Yeyo akachukua jike mwenye doa, mweka hazina akachukua jike, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuondoka bila dawa ya minyoo na ahadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, hutolewa bure sehemu nyingi. Yule wa Njiro alichagua wa kwanza, akachukua dume, akashukuru, hakuuliza habari za wale wanne.

Kikao cha kuvunja kamati kilikuwa na ajenda moja: Meneja afungwe kizazi. Wajumbe wote wakanyoosha mikono. Mwenye bucha, aliyehudhuria kwa tiketi ya upande wa mume, akaomba muhtasari uonyeshe kwamba yeye hakupiga kura, kisha akauliza mfuko wa mapupu aliokuja nao auweke wapi.