Barua ya Wazi kwa BBC: Shukrani kwa Kufuta Kanda

Kwa: Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC), London

YAH: SHUKRANI ZA MASHABIKI KWA KUFUTIWA TAMTHILIA YAO

Tamthilia ya Doctor Who ilianza kurushwa na Shirika tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Waingereza wengi jioni ile walikuwa na mambo mazito kuliko kumtazama mzee anayesafiri katika nyakati ndani ya kibanda cha polisi, hivyo sehemu ya kwanza ikarudiwa wiki iliyofuata kabla ya kuonyeshwa ya pili. Ulikuwa mwanzo mwema. Kwa miaka mingi baadaye, Shirika halikuonekana tena kusumbuliwa na mtu aliyekosa sehemu.

Kanda za video za inchi mbili zilikuwa ghali, ila zilikuwa na sifa moja ya kuwavutia wahasibu: zilifutika na kutumika upya. Mikataba na Equity, chama cha waigizaji, ilibana marudio, na televisheni ya rangi ilipoingia, vipindi vya nyeusi na nyeupe havikuwa na mteja. Kuanzia 1967 wahandisi wakaanza kuifuta tamthilia hiyo. Zilibaki nakala za filamu za milimita 16 zilizotengenezwa ili ziuzwe ng'ambo. Hizo zilikuwa mali ya kitengo cha biashara, nacho kiliendelea kuziteketeza hadi 1978. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili ndio unaotunza. Wasioijua kazi ya ofisi huuita huu uzembe. Uzembe hauhitaji idhini ya maandishi. Kufuta kanda kulihitaji.

Lawama za upendeleo pia hazina msingi. Mwezi Julai 1969 binadamu alipotua Mwezini, Shirika lilitangaza tukio hilo kutoka studio yake ya London, na kanda za studio hiyo nazo hazipo. Mbele ya mashine ya kufutia, mwanaanga halisi na mgeni wa kubuniwa kutoka sayari nyingine walipewa haki sawa.

Miaka sita ya mwanzo ya Doctor Who ilikuwa na sehemu 253. Mwanzoni mwa 2013 zaidi ya 100 kati yake zilikuwa hazijulikani zilipo. Mojawapo ndiyo inayoeleza kwa nini tamthilia hii haikufa. Mwezi Oktoba 1966 William Hartnell, mwigizaji mkuu wa kwanza, alikuwa mgonjwa, na waandaaji wakaamua kwamba Daktari, yule mzee wa kibanda cha polisi, akichoka mwili hugeuka mtu mwingine. Hartnell akalala sakafuni, akaamka Patrick Troughton. Hila hiyo imeiwezesha tamthilia kubadilisha uso kila inapozeeka. Sehemu yenyewe imepotea. Sekunde za mgeuko zimesalia kwa sababu Blue Peter, kipindi cha watoto, kilizionyesha mwaka 1973.

Hapo mashabiki walilazimika kujiajiri bila mshahara. Watoto wa miaka ya 1960 waliweka kipaza sauti mbele ya televisheni, wakawanyamazisha wazazi, wakarekodi. Kutokana na kazi hiyo ya sebuleni, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo hadi leo. Msaada mwingine ulitoka kwa watu ambao hawakuwa na mapenzi yoyote na tamthilia: wakaguzi wa filamu wa Australia. Hao walikata vipande walivyoona vinatisha mno kwa watoto, na vipande vikahifadhiwa serikalini. Kwa hiyo zipo sehemu ambazo picha zake pekee zinazocheza ni zile zile zilizopigwa marufuku.

Nakala nyingine zimejitokeza mahali ambapo mtunza kumbukumbu hakutarajia. Mwaka 1983 mbili zilionekana kwenye chumba cha chini cha kanisa la Wamormoni, London. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadithi nzima, The Tomb of the Cybermen, ilirudi kutoka Hong Kong, na hapo Shirika lilithibitishwa kuwa na hekima. Kwa zaidi ya miaka ishirini hadithi hiyo ilisifiwa kama kilele cha sanaa. Iliporudi, watu waliona waya uliomwinua mwigizaji hewani. Ilikuwa bado nzuri, ila sasa ilikuwa nzuri kama kitu kinachoonekana. Filamu iliyochomwa haina waya.

Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sehemu tisa zimepatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha kurushia matangazo. Wataalamu wengi wamepanda ndege kuja Afrika kufundisha utunzaji wa nyaraka. Haijulikani kama kuna aliyewahi kutumwa kwa njia ya kurudi.

Biashara nayo imenufaika. Tamthilia ilisimamishwa 1989, ikaonekana tena kwa filamu moja tu mwaka 1996, na ikarudi 2005 chini ya Russell T Davies, shabiki tangu utotoni. Peter Capaldi, aliyekuja kuwa Daktari mwaka 2013, aliliandikia jarida la Radio Times barua ya kishabiki akiwa kijana. Mwaka 2016 The Power of the Daleks, ambayo kanda zake zilifutwa, ilitolewa kwa katuni juu ya sauti zilizonaswa majumbani. Aliyeirekodi akiwa mtoto sasa angeweza kuinunua.

Liko jambo moja la kutia wasiwasi. Novemba 2023 Shirika liliweka zaidi ya sehemu 800 kwenye huduma yake ya mtandaoni, iPlayer. Nne za mwanzo kabisa zilikosekana kwa sababu ya mvutano wa haki na mrithi wa mwandishi Anthony Coburn, lakini upungufu huo ni mdogo mno kwa shabiki aliyezoea msiba. Kizazi kinachotazama sasa kinaweza kupata karibu kila kitu usiku wowote, na kwa hali hiyo hakitakuwa na cha kukililia kikifika miaka hamsini.

Shirika linaombwa kuchagua sehemu chache za miaka hii, zile zinazopendwa zaidi, na kuzifuta kwa utaratibu wake wa zamani, idara mbili zikihusika na kila moja ikiiamini nyenzake. Kabla ya kufuta, nakala moja ipelekwe Jos.