Mheshimiwa Kibofu

Moyo umeimbwa hadi umelewa sifa. Maini nayo yamepata mahaba yake. Leo nimsifu mnyonge aliyejazwa kazi bila hata ubeti mmoja: Mheshimiwa Kibofu, mtawala halisi wa barabara ya Morogoro hadi Dodoma.

Basi likishatoka stendi ya Msamvu, dereva hasimamishwi na mzee wala mkwe. Trafiki mwenyewe anapungiwa mkono tu. Ila kabla ya Gairo, sauti moja ya nyuma ikisema, "Konda, kuchimba dawa!", breki zinalia. Mhadhiri wa SUA na muuza ndizi wa Matombo wanaelekea kichaka kimoja, wakitazama pembeni kwa heshima. Mbunge hapandi basi siku hizi, lakini V8 lake nalo husimama palepale.

Mheshimiwa hukusanyiwa kodi na figo mbili zilizojificha mgongoni, chini ya mbavu. Kila moja ina vichujio karibu milioni moja. Kwa siku zinachuja kama lita 180 za majimaji ya damu, zinarudisha karibu yote, na kumpelekea lita moja na nusu hivi. Kodi hiyo hushuka kwa mirija miwili ya sentimita 25 hadi 30, inayojibana na kuachia, hata ukilala miguu juu. Tena mirija hupenya ukuta wake kimshazari, hivyo akijaa anaibana mwenyewe, mkojo usirudi ulikotoka. Bwawa la Mindu hupokea maji ya Uluguru pamoja na tope lake, likaundiwa vikao. Yeye hujaa na kujimwaga mara kadhaa kwa siku, bila mkandarasi.

Ana adabu pia. Akifikisha robo lita hivi hunong'ona. Ukimpuuza, husubiri. Akikaribia nusu lita, hanong'oni tena. Mlango wake wa ndani haupokei amri yako. Umeachiwa ule wa nje tu, uliofundishwa kuufunga utotoni kwa kuanikiwa godoro mbele ya majirani.

Na ana masihara. Panda mlimani Morningside alfajiri bila kunywa hata chai: baridi inabana mishipa ya ngozi, damu inakimbilia ndani, figo zinadhani maji yamezidi, zinayashusha. Bia hufanya vivyo hivyo kwa kuizima homoni inayoziamuru figo zibanie maji. Mtoto aliyeoga kwenye maji yenye konokono wa kichocho huandikiwa barua ya wino mwekundu, na barua hiyo haitaki kuwekwa kiporo.

Wapo wanaodai utawala wake umekwisha tangu 2024, treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, maana mule choo kimo na hakuna wa kumsimamisha dereva. Hao hawajasimama nje ya mlango wa choo hicho, wakiwa wa nne kwenye foleni, na wa kwanza amejifungia na simu.