Ubuntu Imefutwa, Jina Limegoma

Mwalimu wa hesabu wa sekondari moja mjini Morogoro hakuwa na ugomvi na Linux. Laptopu yake, aliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, ilikuwa na Windows 10, na Microsoft walikuwa wametangaza kwamba msaada wake wa kawaida ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ilimkataa bila aibu: inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani, na laptopu ile ilikosa vyote viwili. Kijana mmoja wa chuo akamshauri aweke Ubuntu ubavuni mwa Windows. Ni ya bure. Mwalimu akaiweka, akaipenda mpaka siku alipohitaji kufungua faili la matokeo ya kidato cha nne.

Faili hilo lina makro za Excel zilizotungwa na mwalimu wa taaluma aliyekwisha kustaafu, na hakuna shuleni anayethubutu kuzigusa. Ndani ya Ubuntu ziligoma zote. Ijumaa jioni ikaamuliwa: mgeni atoke.

Akafungua Disk Management ya Windows, akaipata sehemu ya diski iliyokuwa na Ubuntu, akaifuta. Kazi rahisi kuliko kusahihisha daftari moja. Alipozima na kuwasha tena, kioo kikawa cheusi, na juu yake neno grub, alama ya mshale na kistari kinachopepesa kikingoja amri.

“Si umesema umeifuta?” mkewe akauliza.

“Nimeifuta.”

“Sasa huyo anayesubiri jibu ni nani, Baba?”

Lilikuwa swali la kitaalamu kuliko muulizaji alivyodhani. Kompyuta za miaka hii huamka kwa UEFI, programu ya ubao mkuu inayotangulia mfumo wowote, na UEFI haiweki orodha ya mifumo mahali mifumo yenyewe inapoishi. Orodha imo kwenye kumbukumbu ndogo ya ubao mkuu wa kompyuta. Programu za kuamshia nazo, kama hiyo grub ya Ubuntu, zimo kwenye sehemu nyingine ya diski, iliyofichwa, mara nyingi ya MB 100 tu, isiyo na herufi kama C au D. Ni sawa na mahudhurio ya darasani: mwanafunzi amehama na dawati limeuzwa, lakini daftari liko ofisini, na kila asubuhi jina lake linaitwa la kwanza. Mwalimu alikuwa ameuza dawati.

Fundi wa mtaani hakutaka hadithi ndefu. “Tupige windo upya, Mwalimu.” Hiyo ndiyo dawa ya mafundi wengi kwa kila maradhi, kuanzia virusi hadi spika iliyokwaruza, na tuseme haki, mara nyingi inaponya. Inaponya na kuondoka na mitihani ya muhula mzima. Mwalimu akashukuru, akakumbatia laptopu yake, akarudi nayo nyumbani.

Wokovu ulikuwa kitufe cha F12, ambacho kwenye laptopu nyingine ni F9 au Esc. Ukikibonyeza mara tu mashine inapowaka, unapewa orodha yenyewe, na humo akachagua Windows Boot Manager. Windows ikaamka kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa kufuta jina. Jirani akamwelekeza kwenye msconfig, programu ya mipangilio ya Windows, ambayo ilimwonyesha Windows peke yake. Ingemfaa mtu wa mkasa mwingine ulioenea sana: yule aliyeweka Windows mara mbili, na kila akiwasha anaombwa achague kati ya “Windows 10” na “Windows 10”, huku akipewa sekunde 30 za kutafakari tofauti. Enzi za Windows XP mambo yalikuwa mepesi. Orodha ilikuwa faili la maandishi, boot.ini, na ulifuta mstari kwa Notepad. Vista ikaja na amri ya bcdedit.

Basi Mwalimu akaandika bcdedit /enum firmware, akaiona ubuntu pamoja na kitambulisho chake: herufi na tarakimu 32 ndani ya mabano ya mawimbi. Akazinakili, akaandika bcdedit /delete, akakataliwa. Alikuwa ndani ya PowerShell, dirisha la amri la Windows, ambayo mabano hayo huyapa maana yake yenyewe mpaka uyafunge kwa alama za kunukuu. Akayafunga. Jina likaondoka.

Asubuhi likawa limerudi. Kuna mashine ambazo zikiwaka hupekua ile sehemu iliyofichwa, na zikikuta programu ya kuamshia humo huiandikisha upya bila kumuuliza mtu. Folda ya ubuntu ilikuwa bado imo. Mwalimu akaipa sehemu hiyo herufi kwa mountvol S: /S, akafuta S:\EFI\ubuntu huku amezuia pumzi, kwa sababu folda ya Microsoft inakaa jirani yake kabisa, na ukikosea hiyo, fundi wa windo atakuwa amepata mteja. Kisha akafuta jina kwa mara ya pili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetaka kuondoa mfumo wa pili, hamishia kwanza nakala za faili zako kwenye flashi. Kisha weka Windows juu ya orodha, futa jina, futa folda, na sehemu ya diski iwe ya mwisho kabisa.