Mashine ya Kufulia na LUKU Yako: Saba Bora, Kuanzia Mkiani

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme pale Kariakoo, ulizia mashine ya kufulia isiyokula umeme. Utaoneshwa sita, na kila moja utaapiwa kuwa ndiyo yenyewe. Haiwezekani zote sita ziwe bingwa! Basi nimevipanga vitu saba ambavyo wanunuzi huvigombania, kutoka cha mkiani hadi cha kileleni. Kipimo ni kimoja tu: kinaokoa uniti kiasi gani kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Rangi ya mlango haina alama hapa. Ubishi ruksa, ila fika kwanza namba moja.

7. Inayofua na kukausha humo humo

Hii inashika mkia, na inaushika kwa mikono miwili. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwa hita ya kawaida kunakula zaidi ya nusu uniti, iwe kampuni gani iliyoitengeneza. Nguo za kilo 5 zilizokamuliwa vizuri bado zinatoka na maji lita mbili na nusu hivi. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya uniti moja na nusu kabla hujavaa hata soksi. Na unakaa Tanga!

Wa Nairobi mwezi wa saba, wa Njombe na Mbeya, nawasikia mnavyolalamika: kwenu nguo zinashinda kambani na jioni bado mbichi. Dawa yenu ni mashine inayokamua kwa kasi, mizunguko 1,200 kwa dakika au zaidi, maana kukamua kunatoa maji kwa umeme mdogo sana kuliko kuyachemsha yatoke.

Hukumu: wa pwani, nunua kamba. Jua halihitaji waranti.

6. Kuiwasha kwa simu ukiwa kazini

Hukumu: nguo hazijiingizi wala hazijianiki. Tuendelee.

5. Neno "Inverter" kwa herufi kubwa

Wauzaji wanalipenda neno hili kama jina la mtoto wa kwanza. Wana haki kiasi: mota ya aina hii haina brashi, inabadili kasi kadiri ya mzigo, haipigi kelele na inadumu. Tatizo ni kwamba mota siyo mlaji mkuu. Mashine ya mlango wa mbele ina hita ya wati 2,000 hivi ndani yake, wakati mota ikigeuzageuza nguo inatumia wati mia chache tu.

Hukumu: ichukue kwa ajili ya utulivu wa majirani. LUKU itahitaji msaada mwingine.

4. Kilo

Kilo zilizoandikwa mlangoni ni za nguo kavu, tena za pamba, tena kwenye programu ndefu. Programu ya haraka kwa kawaida inakubali mzigo mdogo zaidi. Watu wawili wasio na mtoto wananunua ya kilo 10 "kwa ajili ya blanketi". Haya, blanketi hilo mnalifua mara ngapi kwa mwaka? Siku zote zilizobaki jitu hilo linazunguka na fulana tatu. Familia ya watu wanne au watano inatoshwa na kilo 7 au 8 ikijazwa sawasawa: ubaki mwanya wa kiganja juu ya nguo, basi.

Hukumu: blanketi mpelekee dobi, naye ale.

3. Kibandiko chenye herufi na rangi

Hapa ndipo watu wazima wanapodanganyika. Tarehe 1 Machi 2021 Umoja wa Ulaya uliziondoa A+, A++ na A+++ kwenye mashine za kufulia, ukarudi kwenye A hadi G. Ukikuta A+++ dukani leo, hicho ni kibandiko cha mfumo wa zamani, na huwezi kukipanga mstari mmoja na herufi mpya.

Namba nazo zina mtego wake. Kibandiko cha zamani kinajumlisha umeme wa mwaka kwa mifuo 220. Kipya kinahesabu mifuo 100. Kwa hiyo 176 ya zamani ni uniti 0.8 kwa mfuo, na 60 ya kipya ni 0.6. Ukizitazama haraka utadhani moja inakula mara tatu ya nyingine!

Isitoshe, kipimo kipya hufanywa kwenye programu ya "eco 40-60", ambayo mara nyingi huchukua saa tatu hivi kwa mzigo kamili, kwa sababu inatumia joto dogo kwa muda mrefu. Wewe unabonyeza ile ya dakika 30 yenye maji moto, halafu unailaumu herufi. Na kwa kuwa umeme hukatika, uliza dukani kama mashine inaendelea pale ilipoishia umeme ukirudi.

Wapenzi wa mtumba, someni kwanza bati la nyuma: Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230.

Hukumu: gawanya kwanza, sifia baadaye.

2. Ile ya matangi mawili

Naona midomo imebinuka. Ibinueni tu! Mashine hii ya plastiki, inayofua tangi moja na kukamua tangi la pili, kwa kawaida haina hita kabisa. Inakula umeme wa mota, basi. Bomba likikauka unaimiminia maji kwa ndoo, wakati yule mrembo wa mlango wa mbele anadai presha. Nyingi zinataka angalau nusu ba, maana yake tanki liwe mita tano hivi juu yake. La sivyo unanunua pampu, nayo iko kwenye LUKU hiyo hiyo.

Kisha kuna hili la povu: mashuka meupe kwanza, sare za shule zifuate, matambara ya deki yamalizie, maji yale yale. Mlango wa mbele unatumia maji machache kwa mfuo mmoja, nakubali, ila ukishayatumia unayamwaga yote.

Kasoro yake ni moja kubwa: lazima usimame uhamishe nguo.

Hukumu: haipendezi pichani, inapendeza kwenye mita.

1. Kitufe cha maji baridi

Bingwa, na hauzwi peke yake! Chukua lita 15 za maji ya kufulia kutoka tanki la Dar, yakiwa na nyuzi 28. Kuyafikisha 40 kunakula uniti 0.2. Kuyafikisha 60, uniti 0.56. Kuyafikisha 90, zaidi ya uniti nzima. Kutoyapasha: sifuri. Anayefua mara 3 kwa wiki kwa nyuzi 60 anachoma zaidi ya uniti 7 kwa mwezi kwa joto tu. Kwa aliye kwenye D1, kundi la watumiaji wadogo wa umeme, mwenye uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya mgao wake.

Mashine nyingi za mlango wa juu zinazouzwa kwetu hazina hita, kwa hiyo zinakupa ushindi huu bila kukuuliza. Ukichukua ya mlango wa mbele, hakikisha ina programu ya baridi kabisa; nyingine zinaanzia nyuzi 20 au 30. Tumia sabuni ya mashine, siyo unga wa kufulia kwa mikono: povu likizidi, nyingi zitasuuza tena na tena. Kola yenye jasho isugue kabla. Nepi, taulo na mashuka ya mgonjwa yapewe nyuzi 60 bila ubahili, hapo siombi punguzo.

Hukumu: anayebisha alete risiti zake za LUKU za miezi miwili, mmoja wa moto na mmoja wa baridi, tuzisome pamoja.